Fritz Lang na Mauti Aliyechoka

Wenzangu waliotangulia kuandika katika ukurasa huu wamekwisha kutusimulia habari za wafalme, wavumbuzi na majemadari. Mimi Mhariri aliponiomba niandike habari za mtu mashuhuri aliyefariki zamani, nilimchagua mtengeneza sinema. Najua wako wazazi watakaosema kwamba sinema ni mchezo tu, na kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Tano angeweza kutafuta mtu wa maana zaidi. Nawaomba wanivumilie mpaka mwisho, kwa sababu mtu huyu amenishughulisha kuliko jemadari yeyote niliyepata kumsoma.

Nilimjua hivi. Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, mwalimu wetu wa Fasihi alitutangazia kwamba baada ya chakula cha jioni tutaonyeshwa sinema ya Kijerumani bwaloni. Tulifurahi sana. Shuka nyeupe ikatundikwa ukutani, mashine ikawekwa juu ya meza ya kugawia uji, na sisi tukakaa juu ya mabenchi, wengine sakafuni. Picha ilipoanza tu, minong'ono ikazuka. Kumbe ilikuwa sinema bubu! Watu walifumbua midomo pasipo sauti, kisha yakatokea maandishi ya Kijerumani na tafsiri ya Kiingereza chini yake. Mwalimu alisimama kando ya shuka na fimbo yake, akawa anatusomea kila maandishi yalipotokea, akiyageuza kwa Kiswahili. Baada ya dakika kumi hakuna aliyenong'ona tena.

Jina la sinema hiyo kwa Kijerumani ni Der müde Tod, maana yake Mauti Aliyechoka. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi wa Oktoba, mwaka 1921. Aliyeitengeneza ni Fritz Lang, naye wakati ule alikuwa hajatimiza miaka thelathini na mmoja.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana mwanamume na mchumba wake wanasafiri katika gari la farasi kwenda mji mdogo. Njiani wanampakia mgeni mmoja mrefu, mkimya, mwenye kofia pana na joho jeusi. Mgeni huyo ni Mauti. Hapo kwanza alikuwa amekodi kiwanja karibu na makaburi ya mji huo, akajenga ukuta mrefu mno usio na mlango wala dirisha, na wakubwa wa mji walikuwa wakipita wakistaajabu kwamba wataingia wapi watu wa ndani. Wale wachumba wanafika katika nyumba ya wageni, wanakaa kunywa, na mgeni anakuja kukaa mezani pao. Binti anaondoka kidogo kwenda jikoni, na anaporudi mchumba wake hayupo, wala yule mgeni hayupo. Anamtafuta hata usiku. Chini ya ukuta ule mrefu anaona vivuli vya watu waliokufa vikipita kuingia ukutani kama ukungu upitavyo katika nyavu, na katika msafara wao anamwona mchumba wake.

Binti haogopi. Anaingia kwa Mauti na kumdai mtu wake. Ndani anakuta ukumbi mkubwa uliojaa mishumaa, mingine mirefu, mingine karibu kwisha, na kila mshumaa ni uhai wa mtu mmoja. Hapo ndipo tunapojua kwa nini Mauti amechoka. Anashika mwali wa mshumaa mmoja, na mikononi mwake anatokea mtoto mchanga, kisha mtoto anatoweka, na mahali pengine duniani mama yake analia. Mauti hapendi kazi hiyo. Ametumwa tu. Mwigizaji wake, Bernhard Goetzke, alikuwa na uso kama wa mtu aliyekesha miaka elfu, na nakiri kwamba mimi nilimhurumia, jambo ambalo sikulitegemea kwa Mauti.

Basi Mauti anamwonyesha binti mishumaa mitatu inayokaribia kuzimika. Akiweza kuuokoa hata mmoja, atarudishiwa mchumba wake. Kila mshumaa ni kisa chake, na kila kisa wapenzi ni wale wale wawili katika nchi nyingine. Cha kwanza ni katika mji wa Waislamu mwezi wa Ramadhani: binti ni ndugu wa Khalifa, naye anampenda Mzungu aliyeingia msikitini kwa siri. Kijana anakamatwa na kuzikwa hai bustanini, na mtunza bustani anayemzika ni Mauti mwenyewe, jina lake El Mot. Mwalimu hakuhitaji kulifasiri jina hilo. Neno letu mauti na lile la sinema ni neno moja, limetoka kwa Waarabu, na bwalo zima lilitoa mguno kwa pamoja. Cha pili ni mjini Venice, katika sikukuu ya vinyago. Binti anapanga kumwua mtu mbaya anayetaka kumwoa kwa nguvu, lakini kwa hila ya mtu huyo, anayekuja amevaa kinyago ni mpenzi wake mwenyewe, wala hamtambui mpaka amekwisha kuanguka. Mtumishi wake katika kisa hicho aliigizwa na Mwafrika, Louis Brody, mzaliwa wa Cameroon wakati nchi ile ilipokuwa koloni ya Wajerumani, aliyeishi Berlin kwa kazi ya uigizaji. Cha tatu ni Uchina, chenye mchawi, zulia lirukalo na jeshi la watu wadogo kama panzi. Hapo tulicheka. Lakini mwisho wake kijana aligeuzwa kuwa simamarara akachomwa mshale, na binti aliyejigeuza sanamu akatoka machozi ya mawe, na kicheko kikaisha.

Mishumaa yote mitatu ikazimika. Kwa huruma, Mauti anampa binti saa moja: akipata mtu mwingine atakayekubali kutoa uhai wake, basi atabadilishana naye. Binti anamwendea mwuza dawa mzee aliyechoka na dunia. Anakataa. Anamwendea maskini anayeombaomba njiani, asiye na kitu. Anakataa. Anawaendea wagonjwa wazee ambao kila siku huomba wafe. Wanamkimbia. Ghafula jumba lile linashika moto, watu wanatoka wote, na mama mmoja analia kwamba mtoto wake mchanga amesahauliwa ndani. Binti anaingia motoni. Anamwona mtoto, anamnyanyua, na mbele yake Mauti amesimama, amenyosha mikono kumpokea.

Hapo umeme ukakatika. Mji mzima ulikuwa giza.

Wasomaji, hamwezi kufahamu kelele zilizopigwa bwaloni usiku ule. Tulingoja karibu saa nzima, kisha mwalimu akasema tutamaliza Jumamosi ijayo. Lakini hakutuacha kwenda kulala. Aliwasha taa ya mkononi, akatutaka tupige kura: binti afanye nini? Ampe Mauti mtoto, arudishiwe mchumba wake, au amrudishe mtoto kwa mama yake, apoteze kila kitu? Wengi walinyosha mikono kwamba amrudishe mtoto. Wachache walinyosha kwamba amtoe. Mimi nilikuwa katika wale wachache, na mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka.

Lazima niseme sababu, ingawa si habari ya Fritz Lang. Mwezi wa Disemba dada yangu mkubwa alifariki siku tatu baada ya kujifungua. Mtoto alipona, ni msichana, na mama yangu ndiye anayemlea. Dada ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kijiti, katika majivu ya jikoni. Likizo ile yote sikumgusa mtoto yule. Nilipoambiwa nimshike kidogo, nilikuwa na kazi ya kukata majani ya ng'ombe, au kuni, au safari ya dukani. Mama hakunisemesha neno.

Juma lile nilikwenda maktaba kutafuta ni mtu wa namna gani aliyetunga swali kama hilo, na mwalimu akaniazima kitabu chake. Niliyoyapata ni haya.

Fritz Lang alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 5 Desemba, 1890. Baba yake, Anton Lang, alikuwa mjenzi wa majumba mwenye mali. Mama yake, Paula, alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi, kisha akaingia dini ya Kikatoliki, na mtoto akalelewa Mkatoliki. Baba alitaka mwanawe ashike kazi ya majenzi, akampeleka chuo cha ufundi. Kijana hakukaa sana. Alitaka kuchora, akaondoka nyumbani, akatembea nchi mbalimbali, akafikia Paris, ambako aliishi kwa kuchora. Wazazi wanaosoma habari hizi wasiogope: ile elimu ya majenzi haikupotea, kwani hata uzeeni sinema zake zilijaa kuta, ngazi na majumba yaliyopangwa kama kwa rula.

Mwaka 1914 vita kuu vikaanza, akarudi Vienna kwa haraka na kuingia jeshini. Alipigana katika nchi za mashariki na katika Italia, akajeruhiwa zaidi ya mara moja, na jicho lake moja likapata madhara. Vita vile vile vilifika hata huku kwetu, maana Wajerumani na Waingereza walipigana Tanganyika tangu 1914 hata 1918, na mapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Lang alikuwa hospitali akiuguza majeraha yake alipoanza kuandika hadithi za sinema. Vita vilipokwisha alikwenda Berlin, akaajiriwa na kampuni ya Decla chini ya Erich Pommer, na mwaka 1919 alianza kuongoza sinema zake mwenyewe.

Mwaka 1920 ulikuwa mwaka mzito kwake. Mama yake alifariki. Katika mwaka ule ule mke wake wa kwanza, Lisa Rosenthal, alikufa kwa risasi ya bastola nyumbani kwao Berlin. Mambo ya kifo hicho hayakupata kujulikana sawasawa mpaka leo. Lang alikuwa tayari na mapenzi na mwanamke mwingine, mwandishi Thea von Harbou, na watu walisema mengi. Yeye mwenyewe katika maisha yake marefu hakupenda kumtaja mke yule, na katika habari nyingi alizosimulia juu ya maisha yake ni kama kwamba hakupata kuwako. Mwaka uliofuata ndipo alipotengeneza Mauti Aliyechoka, na Thea alishirikiana naye kuiandika.

Baadaye Lang alieleza kwamba kisa hicho kilitoka katika homa aliyougua utotoni, alipodhani amemwona Mauti akimjia katika mwanga wa mwezi, mwenye kofia pana. Huenda ni kweli. Lakini mimi siwezi kuacha kuwaza juu ya mwaka 1920. Na hakuwa peke yake katika msiba: askari wa Kijerumani wapata milioni mbili walikuwa wamekufa vitani, na mwanamke aliyeingia katika sinema ya Berlin mwaka 1921 alikuwa na mtu wake nyuma ya ukuta ule mrefu. Hata hivyo, magazeti mengine ya Berlin hayakuipenda sana mwanzoni. Sifa zake zilitoka nje, hasa Ufaransa. Mhispania Luis Buñuel alisema kwamba ni sinema hiyo iliyomfumbua macho, akaamua kuwa mtengeneza sinema. Huko Marekani mwigizaji tajiri Douglas Fairbanks alinunua haki ya kuionyesha, akaizuia kwanza, na mbinu zake akazitumia katika sinema yake mwenyewe, The Thief of Bagdad ya mwaka 1924, iliyokuwa na zulia lirukalo. Tangu zamani mwenye mali haibi, hununua tu.

Thea na Lang walioana mwaka 1922, na kwa miaka kumi walifanya kazi pamoja. Walitengeneza habari za Dr. Mabuse, mwovu atawalaye akili za watu. Die Nibelungen ya mwaka 1924, hadithi ya mashujaa wa kale wa Kijerumani. Na Metropolis iliyoonyeshwa Januari 1927, juu ya mji wa siku zijazo ambamo matajiri wanakaa angani na wafanyakazi chini ya ardhi. Metropolis ilikula fedha nyingi mno hata kampuni ya Ufa ikakaribia kufilisika. Ilikatwakatwa baada ya maonyesho ya kwanza, na vipande vingi vilidhaniwa kuwa vimepotea kabisa mpaka mwaka 2008, nakala ndefu zaidi ilipopatikana Buenos Aires, katika nchi ya Argentina. Wapenzi wa sayansi watapenda kujua kwamba mwaka 1929 alitengeneza sinema ya safari ya kwenda mwezini, na ndani yake roketi inarushwa kwa kuhesabu kinyumenyume mpaka sifuri, miaka mingi kabla ya kurushwa roketi za kweli za kwenda angani.

Kazini hakuwa mtu mwema. Alivaa miwani ya jicho moja, akawafokea waigizaji, akawarudisha kurudia jambo moja mara nyingi mpaka wakachoka kabisa. Mtu angeweza kumheshimu, kumpenda ilikuwa kazi nyingine. Mwaka 1931 alitengeneza M, sinema yake ya kwanza yenye sauti, juu ya mtu anayewaua watoto wadogo katika mji mmoja. Mwuaji hupiga mluzi kabla ya kutenda ovu lake. Mwigizaji, Peter Lorre, hakujua kupiga mluzi, kwa hiyo mluzi tuusikiao ni wa Fritz Lang mwenyewe. Jambo hilo linanitia baridi kila nilikumbukapo.

Sasa nafika mahali nilipopata aibu. Mwaka 1933 Hitler alishika serikali, na sinema mpya ya Lang juu ya Dr. Mabuse ikapigwa marufuku. Lang alisimulia mara nyingi kwamba Goebbels, waziri wa propaganda, alimwita ofisini, akamsamehe kwa maneno mazuri, akamtaka awe mkuu wa sinema zote za Ujerumani. Lang akatokwa na jasho, akitazama saa ya ukutani, akijua kwamba benki zinafungwa na mama yake ni wa ukoo wa Kiyahudi. Jioni ile ile, asema, akapanda treni kwenda Paris, akaacha mali yake yote. Hadithi nzuri! Niliisimulia katika chama chetu cha mdahalo kwa mbwembwe nyingi na kupigiwa makofi. Mwalimu wetu wa Historia aliniita baadaye kwa upole, akanionyesha kwamba hati ya kusafiria ya Lang ipo, na mihuri yake inaonyesha alikuwa akitoka na kurudi Ujerumani miezi kadhaa, akaondoka kabisa mwishoni mwa Julai. Wala kitabu cha kumbukumbu za kila siku alichoandika Goebbels hakitaji mazungumzo hayo. Juma lililofuata ilinibidi nisimame tena mbele ya chama kusahihisha maneno yangu. Makofi hayakuwako.

Hilo halibadili ukweli kwamba aliondoka, wakati wengi waliobaki walitumikia uovu. Thea alibaki. Walikwisha kuachana mwaka ule ule wa 1933, naye aliendelea kuandika sinema chini ya serikali ya Hitler. Lang alitengeneza sinema moja Ufaransa, kisha mwaka 1934 akavuka bahari kwenda Marekani. Alianza upya, kwa lugha ya watu, chini ya wakubwa wa kampuni waliomkatia kazi yake walivyotaka. Sinema yake ya kwanza kule, Fury ya mwaka 1936, ni juu ya mtu asiye na hatia ambaye umati wa watu unalichoma moto gereza alimofungwa, ukidhani ni mhalifu. Sihitaji kumweleza msomaji wa magazeti yetu maana ya umati wenye hasira na mtu aliyeitiwa mwizi. Aliishi Marekani zaidi ya miaka ishirini, akatengeneza sinema nyingine nyingi, kama The Big Heat ya mwaka 1953. Mwishoni mwa miaka ya hamsini alirudi Ujerumani kutengeneza sinema tatu za mwisho, na mwaka 1963 Mfaransa Jean-Luc Godard alimweka katika sinema yake Le Mépris kuigiza nafasi yake mwenyewe: mzee mtengeneza sinema, mpole kuliko alivyokuwa ujanani. Macho yake yalizidi kufifia, akafunika moja kwa kitambaa cheusi. Alifariki Beverly Hills tarehe 2 Agosti, 1976, akiwa na umri wa miaka 85.

Habari ya Thea ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Mwaka 1954 sinema ile ile ya Mauti Aliyechoka ilionyeshwa tena Berlin, naye akaalikwa kama mgeni wa heshima, maana ndiye aliyeiandika. Alipokuwa akitoka baada ya maonyesho, akateleza akaanguka, akaumia nyonga. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, akafariki. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu kwanza, nikatoka nje.

Lakini nimewaacha na binti katika moto.

Jumamosi ya pili tulikusanyika mapema, na hata wapishi walikuja. Mwalimu alirudisha picha nyuma kidogo. Binti amembeba mtoto, Mauti amenyosha mikono. Anamtazama mtoto. Anamtazama Mauti. Jambo hilo linachukua muda mrefu, au mimi niliuona mrefu. Kisha anageuka, anakwenda dirishani, anamfunga mtoto kwa kitambaa na kumteremsha polepole mpaka mikononi mwa mama yake. Kisha anarudi kwa Mauti, anajitoa yeye. Nyumba inaanguka juu yake. Mauti anampeleka mahali alipolazwa mchumba wake, na wale wawili wanaondoka wakipanda mlima, wameshikana mikono.

Wenzangu walio wengi walishangilia kwamba wameshinda kura. Mabishano yakazuka tena, kwamba je, binti ameshinda au ameshindwa? Mmoja alisema ameshinda, maana amempata mchumba wake. Mwingine akasema Mauti ndiye aliyeshinda, maana amepata wote wawili. Mwalimu wetu wa Hisabati, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwamba wote wanasahau kuhesabu mtoto. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nikimfikiria yule mama aliye chini ya dirisha, ambaye katika sinema hana jina, wala hatujui habari zake baadaye, ila tu kwamba alinyosha mikono yake juu.

Sinema hiyo ilisafishwa upya na kuonyeshwa tena Berlin mwaka 2016, na nakala tuliyoiona ndiyo hiyo, yenye rangi za kutiwa: usiku buluu, moto mwekundu. Mtu atakaye kuiona amwombe mwalimu wa Fasihi kwa adabu, asisahau kwamba ni bubu, na ajitahidi aketi karibu na shuka.

Likizo ya Juni nilifika nyumbani jioni. Mama alikuwa jikoni akipuliza moto, moshi umejaa, naye akaniitikia salamu bila ya kugeuka. Mtoto alikuwa juu ya mkeka, amekwisha kujua kukaa, akila pindo la kanga. Nikaweka sanduku langu chini. Nikamnyanyua, nikatoka naye nje penye hewa, tukakaa chini ya mwembe mpaka chakula kikaiva.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano